Shule ya Wapagazi: Jinsi Mwili Unavyofundishwa Kutoanguka

Tarehe 7 Novemba 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton aliingia Kaze, kituo cha wafanyabiashara katika nchi ya Unyanyembe, pale ulipo mji wa Tabora wa leo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliandika mengi juu ya wenyeji, baadhi yake kwa dharau. Lakini liko jambo moja aliloliona ambalo mtaalamu wa fiziotherapia wa zama zetu angelisoma mara mbili. Watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba, alisema, walikuwa wakitembea na pembe ndogo ya ndovu begani. Upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na mafunzo yake yalianza mapema: mzigo mdogo, njia ya kweli, na mtu mzima wa kumtazama.

Mtoto huyo alipokua alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilometa 800. Alivuka mito, alipanda milima ya Usagara, alipita ukame wa Ugogo, na mzigo ulipaswa kufika. Hatuisimulii habari hii ili kuipamba. Katika njia hiyo hiyo walipita watumwa waliotekwa, na wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Wala hatusemi kwamba mtoto wa leo abebeshwe mizigo. Tunaisimulia kwa sababu inazua swali linalowagusa wagonjwa wetu: je, urari wa mwili, yaani uwezo wa kuutawala uzito wetu tukiwa tumesimama au tunatembea, hufundishwaje?

Swali si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu wapatao 684,000 kila mwaka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi zaidi hubaki na nyonga iliyovunjika, au na woga unaowafungia nyumbani. Mzee anayeyumba, mgonjwa aliyepatwa na kiharusi, kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepoteza hisi: wote hawa wanarudi shuleni kujifunza kusimama. Habari njema ni kwamba somo hilo linafundishika. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyojumuisha majaribio 108 na washiriki zaidi ya 23,000, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya maanguko ya wazee wanaoishi majumbani kwa takriban asilimia 23, hasa mazoezi ya urari na ya shughuli za kila siku. Linalobaki ni namna ya kufundisha, na hapo ndipo mbinu zinapotofautiana sana.

Jinsi mwili unavyojua kwamba uko wima

Urari hauna kiungo kimoja. Macho huuambia ubongo mahali ilipo ardhi na upeo. Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma, imo mifereji mitatu yenye majimaji inayohisi mzunguko wa kichwa, pamoja na vijiwe vidogo vinavyohisi uzito na mwendo wa kwenda mbele au juu. Ngozi ya nyayo, misuli na maungio hupeleka habari za shinikizo na mkunjo. Ubongo huzipatanisha habari hizi zote na kuiamuru misuli ijirekebishe kabla hatujafahamu kwamba tumeyumba.

Neno la msingi hapa ni “kabla”. Marekebisho mengi ya urari hufanyika kwa kasi ambayo fikra haiifikii. Mtu aliyesimama wima hajatulia hata kidogo: huyumba kidogo mbele na nyuma wakati wote, na kila anapoyumba mwili humrudisha. Kwa hiyo urari ni mazungumzo yasiyokoma baina ya kosa dogo na sahihisho dogo. Mtu asiyeruhusiwa kukosea hata kidogo hana cha kusahihisha, na asiyesahihisha hajifunzi. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Kwa somo hili maneno yao ni ya kweli kwa maana ya moja kwa moja.

Walichojifunza bila kuambiwa

Ushahidi wa jinsi mwili unavyoweza kujifunza kwa kina umetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1986 mtafiti wa Kenya G. M. O. Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima nguvu wanazotumia wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na wanawake wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda upitao kwenye paji la uso. Iligundulika kwamba waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nguvu walizotumia kutembea. Mwaka 1995 uchunguzi mwingine ulieleza siri yake: wanapotembea na mzigo, mwili huinuka na kushuka juu ya mguu kwa mpangilio unaoihifadhi nguvu ya hatua moja na kuitumia katika hatua inayofuata, mfano wa bembea inayojiendesha.

Hakuna mama aliyemwambia binti yake, “Hifadhi nguvu ya hatua yako.” Binti alipewa ndoo ndogo na ngata ya kitambaa, akaambiwa maji yafike nyumbani. Mwili wenyewe ulitafuta njia. Ni haki kuongeza kwamba uchunguzi wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2010 haukuiona nafuu hiyo kwa wanawake wote. Walitofautiana sana mmoja na mwingine. Tena kubeba mizigo mizito kichwani kwa miaka mingi kunahusishwa na maumivu ya shingo. Tunachokichukua si mzigo, bali mpango wa mafunzo: kazi yenye lengo linaloonekana, ugumu unaopanda kidogo kidogo, na marudio mengi katika mazingira ya kweli.

Wapagazi wenyewe walitofautiana kwa mtindo. Wanyamwezi walipendelea kubeba begani, na watu wa pwani kichwani. Pembe kubwa iliyomshinda mtu mmoja ilitundikwa kwenye mti na kubebwa na wawili. Mitindo ilikuwa mingi lakini lengo lilikuwa moja, na kila mwili ulipata jibu lake. Mwalimu anayedai kwamba wagonjwa wote wasimame kwa umbo moja anasahau jambo hilo.

Maneno ya mwalimu

Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio yaliyobadili fikra za wengi. Katika jaribio moja washiriki walijifunza kusimama juu ya ubao unaobembea. Kundi moja liliambiwa liweke mawazo kwenye miguu yao, iwe katika usawa mmoja. Kundi la pili liliambiwa liweke mawazo kwenye alama zilizobandikwa ubaoni mbele ya miguu, alama hizo ziwe katika usawa mmoja. Tofauti kati ya maelekezo hayo mawili ilikuwa ya sentimeta chache tu. Lakini walipopimwa baadaye bila maelekezo yoyote, waliotazama alama walisimama imara zaidi kuliko waliofikiria miguu yao.

Maelezo ya Wulf ni kwamba tunapoyaelekeza mawazo kwenye kiungo, tunaiingilia kazi ambayo mwili huifanya vizuri zaidi ukiachiwa. Tunapoyaelekeza kwenye matokeo ya mwendo nje ya mwili, mwili huchagua misuli wenyewe. Matokeo ya namna hii yamepatikana pia kwa watu wenye ugonjwa wa Parkinson. Kwa wagonjwa wa kiharusi ushahidi hauko upande mmoja. Baadhi ya majaribio yaliyofanywa Uholanzi hayakuona faida ya wazi. Kwa hiyo mtaalamu ajaribu, apime, na amfuate mgonjwa aliye mbele yake.

Hata hivyo tusikilize maneno yetu wenyewe. Mara nyingi tunasema: “Nyoosha goti, kaza tumbo, hamisha nyonga kushoto, inua kisigino.” Ni maagizo manne, yote juu ya viungo, kwa mtu ambaye tayari amejaa hofu. Maneno hayo yanaweza kubadilishwa bila gharama yoyote. Badala ya “nyoosha goti”, semeni “sukuma sakafu iende chini”. Badala ya “hamisha uzito kushoto”, semeni “gusa meza iliyo kushoto kwa nyonga yako”. Badala ya “inua mguu juu”, semeni “vuka kamba hii bila kuigusa”. Badala ya “simama imara”, mpeni mgonjwa sinia lenye kikombe cha plastiki chenye maji kidogo, mwambie yasimwagike. Mpagazi hakuambiwa habari za misuli ya shingo. Aliambiwa habari za mzigo.

Idadi ya maneno nayo ina uzito wake. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa mafunzo ya mwendo wameonya kwamba masahihisho yanayotolewa baada ya kila jaribio humfanya mwanafunzi aonekane hodari mbele ya mwalimu, lakini akiachwa peke yake hupungua. Huwa ameegemea sauti ya mwalimu kama mtu anavyoegemea ukuta. Ni heri kunyamaza kidogo, kumwacha mgonjwa ajaribu mara mbili au tatu, kisha kumwuliza, “Umeonaje?” kabla ya kumwambia tulivyoona sisi.

Mkono wa mwalimu na fimbo ya mwanafunzi

Huruma hutusukuma kushika. Ndugu humkamata mgonjwa kwapani, muuguzi humshika kiuno, na mgonjwa huvuka wodi bila kuyumba hata mara moja. Lakini ni nani aliyefanya kazi ya urari? Ni waliomshika. Usalama ni wajibu, nao hauna mjadala. Swali ni kama msaada wetu unamwachia mgonjwa sehemu yoyote ya kazi.

Mfano mwepesi ni baiskeli, chombo cha kila siku katika barabara za Tabora, Urambo na Sikonge. Baiskeli yenye magurudumu mawili ya ziada pembeni humfundisha mtoto kukanyaga pedali, lakini humnyima somo kuu, ambalo ni kugeuza usukani kuelekea upande anaoangukia. Watafiti wa Ureno walilinganisha watoto waliofanya mazoezi kwa baiskeli hiyo na wengine waliopewa baiskeli isiyo na pedali, ambayo mtoto huisukuma kwa miguu na kujiachia. Waliotumia ile isiyo na pedali waliweza kuendesha baiskeli ya kawaida mapema zaidi, kwa kuwa walianza na urari wenyewe. Mtoto wa kijijini anayejifunzia baiskeli ya baba yake kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo wa fremu anapita njia ile ile: huyumba tangu siku ya kwanza.

Je, basi tuwanyang’anye wagonjwa fimbo zao? La hasha. Katika majaribio ya mashine inayoiga mchezo wa kuteleza juu ya theluji, waliopewa fimbo za kushikilia walijifunza vizuri zaidi kuliko wasiopewa, kwa sababu fimbo iliwaruhusu kujaribu mwendo ulio sahihi bila hofu. Mwaka 1999 Wulf na Toole walisonga mbele zaidi. Waliwaacha washiriki wa kundi moja waamue wenyewe lini watumie fimbo na lini waziache. Kundi la pili lilipewa fimbo kwa kiasi kile kile, ila bila kuulizwa. Walipopimwa baadaye bila fimbo, walioamua wenyewe walikuwa bora.

Hilo linatufundisha jambo kubwa kwa gharama ndogo. Fimbo iliyo mkononi mwa mgonjwa ni tofauti na mkono wa muuguzi ulio kiunoni mwake. Fimbo hutii uamuzi wa anayejifunza, mkono humwamulia. Basi msaidizi asimame nyuma kidogo, upande ulio dhaifu, mikono ikiwa karibu bila kubana, na mgonjwa awe na meza au ukuta wa kuugusa anapotaka. Kila siku aulizwe: “Leo utaanza na fimbo, au utaanza bila fimbo?” Swali hilo lenyewe ni sehemu ya tiba.

Wawili wawili

Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, na wagonjwa ni wengi. Lakini msafara haukuwa na mwalimu mmoja kwa kila kijana. Kijana alitembea nyuma ya aliyemtangulia, akaona jinsi anavyoinama mlangoni mwa kambi, jinsi anavyohamisha mzigo bega hadi bega, na jinsi anavyojikwaa na kujirudisha.

Maabara nayo imelithibitisha jambo hilo. Mwaka 1999 Shea, Wulf na Whitacre waliwalinganisha watu waliojifunza ubao unaobembea peke yao na wengine waliojifunza wawili wawili, mmoja akitazama wakati mwenzake anajaribu, kisha wakipokezana na kuzungumza. Waliojifunza wawili wawili walifanya vizuri zaidi walipopimwa baadaye, ingawa mtaalamu alitumia muda mdogo kwa kila mmoja. Na si lazima anayetazamwa awe bingwa. Kumwona mwenzako akikosea na kurekebisha ni somo lenye manufaa kama kumwona aliyebobea.

Katika chumba cha mazoezi cha hospitali ya wilaya hili lina maana moja: wagonjwa wawili wenye hali zinazokaribiana wapangwe pamoja. Mmoja avuke kamba, mwingine amtazame akiwa ameketi. Mapumziko, ambayo wote wawili wanayahitaji, yatageuka kuwa kipindi cha masomo.

Kutembea huku ukizungumza

Misafara iliimba. Nyimbo ziliuongoza mwendo na kuwapa watu moyo, lakini zilionyesha pia jambo la kitabibu: mwili wa mpagazi uliufahamu mzigo kiasi cha kumwachia mdomo na mawazo yafanye kazi nyingine.

Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi walichapisha katika jarida la Lancet kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Waliwasindikiza wazee 58 waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee na kuanzisha mazungumzo nao wakiwa wanatembea. Wazee 12 walisimama ili waweze kujibu, na kumi kati yao walianguka katika miezi sita iliyofuata. Urari wao ulikuwa ukiyatumia mawazo yote, bila akiba.

Kwa hiyo mgonjwa anayetembea vizuri katika ukumbi ulio kimya hajahitimu. Sokoni kuna anayemwita, kuna shimo, kuna mtoto anayepita mbio. Mafunzo yabadilike: sakafu laini na ardhi yenye mchanga, mwanga na giza kiasi, kutembea mbele na kando, kutembea na mfuko mwepesi, kutembea huku akitaja majina ya wajukuu. Mazoezi ya namna hii yaliyochanganywa huonekana magumu na yenye makosa mengi siku hiyo, lakini hubaki mwilini kuliko zoezi moja lililorudiwa mara hamsini. Ndiyo maana maendeleo yasipimwe mwishoni mwa kipindi, mgonjwa akiwa bado ana joto la mazoezi. Yapimwe mwanzoni mwa kipindi kinachofuata, kabla ya kumwambia neno lolote.

Kwa mgonjwa na familia yake

Kabla ya kuanza, pateni uchunguzi. Kuyumba kunaweza kutokana na dawa, shinikizo la damu linaloshuka mtu anaposimama, macho yenye mtoto wa jicho, upungufu wa damu au maradhi ya sikio la ndani. Kupooza kwa ghafla kwa upande mmoja, mdomo kwenda upande, usemi kukwama au kizunguzungu kikali cha ghafla si mambo ya mazoezi. Ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Mkiisha kuruhusiwa, chagueni pembe ya chumba yenye kuta mbili, wekeni mbele kiti kizito kisicho na magurudumu, na ondoeni mikeka inayoteleza. Anzeni kwa kusimama miguu ikiwa pamoja, kisha mmoja ukitangulia mwingine, kisha kwa mguu mmoja. Kila hatua iwe ngumu kiasi cha kuyumbisha bila kuangusha: ikiwa hayumbi kabisa, ongezeni ugumu, ikiwa anashika ukuta kila mara, punguzeni. Dakika chache kila siku zina manufaa kuliko saa nzima mara moja kwa wiki. Na anayesaidia aseme maneno machache, juu ya kikombe, kamba au mlango, si juu ya goti.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ilianza kuhama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa, na shule ya wapagazi ikafifia. Mbinu zake hazikuandikwa na yeyote aliyezitumia, na nyingine hatutaki zirudi. Lakini zile tulizozitaja hazidai umeme wala mashine, na zinaweza kuanza kutumika katika zahanati yoyote kesho asubuhi: lengo lililo nje ya mwili, ugumu unaopanda taratibu, msaada anaoutawala anayejifunza, mwenzi wa kumtazama, na njia yenye mawe yake. Mgonjwa anayeyumba mbele yetu yuko kazini. Tukae karibu naye, na tumwachie nafasi ya kujirudisha mwenyewe.